Tupeane uzoefu: Karatasi, foleni na safari za Ulaya tangu Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya

Mwanzisha Mada

Wanajamvi, nawasalimu. Uingereza ilijitoa rasmi katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, lakini kipindi cha mpito kiliendelea hadi tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, na mwaka uliofuata wengi wetu hatukusafiri kwa sababu ya korona. Ndiyo maana watu wengi walianza kuonja ladha halisi ya uamuzi ule mwaka 2022, walipofika uwanja wa ndege na begi mkononi wakidhani mambo bado ni yaleyale. Sifungui uzi huu ili tubishane kuhusu kura ya maoni ya mwaka 2016. Ubishi huo una mahali pake na wenyewe hawajachoka. Naomba tusimuliane yaliyotupata sisi wenyewe katika karatasi, mipaka, vifurushi na safari, na tusitaje majina ya kampuni wala ofisi, kwa kuwa lengo ni kuonyesha jinsi kanuni inavyomnasa mtu, si kumshitaki karani aliyekuwa kaunta siku hiyo.

Nianze na langu. Nilihamia Uingereza katika miaka ya tisini nikiwa na pasipoti ya Tanzania, na kwa miaka yote ya mwanzo mimi ndiye niliyekuwa mtu wa karatasi kazini. Nilikuwa na faili nene lenye taarifa za benki, barua ya mwajiri, picha ndogo zenye mandharinyuma meupe na risiti za hoteli, wakati wenzangu Waingereza walikwenda Ufaransa kama mtu anayevuka barabara kununua gazeti. Nilipopata uraia mwaka 2003 nililitupa faili lile kwa furaha. Miaka ishirini baadaye nimegundua kwamba nililitupa mapema.

Mwezi Machi 2023 tulipanga kwenda Lisbon kwa siku tano, mimi, mke wangu na binti yetu. Pasipoti yangu ilionyesha kwamba itakwisha tarehe 11 Oktoba 2023, kwa hiyo niliona nina miezi saba mkononi na nikatulia. Dada wa kaunta aliifungua, akaitazama, akamwita mwenzake, kisha akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuisoma tarehe ya kutolewa. Ilikuwa tarehe 11 Februari 2013. Zamani, mtu akihuisha pasipoti ya Uingereza kabla ya ile ya awali kwisha, miezi iliyobaki, isiyozidi tisa, iliongezwa kwenye ile mpya, na mimi niliongezewa minane. Kwa Uingereza pasipoti hiyo ilikuwa hai kabisa. Kwa Umoja wa Ulaya, ambao sasa unatuhesabu kuwa raia wa nchi ya nje, pasipoti lazima iwe imetolewa ndani ya miaka 10 kabla ya siku ya kuingia, na pia iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku unayokusudia kuondoka. Sharti la pili nililitimiza, la kwanza nililikosa kwa wiki tano na ushei.

Mke wangu na binti yetu walisafiri. Mimi nilirudi nyumbani kwa basi, na jioni nikatumiwa picha ya mto Tagus. Utaratibu wa kuongeza miezi ulisitishwa Septemba 2018, lakini pasipoti zilizotolewa kabla ya hapo bado zimo mikononi mwa watu. Kwa hiyo, kabla hujalipia tiketi, usisome tarehe ya mwisho peke yake.

Mzee wa Alicante

Asante kwa kuufungua uzi huu. Mimi ni fundi mwashi mstaafu, na mwaka 2009 mimi na mke wangu tulinunua nyumba ndogo karibu na Alicante kwa akiba ya maisha yetu. Kabla ya Brexit, yaani huko kujitoa kwa Uingereza, tulikuwa tukikaa huko tunavyotaka: tukiona baridi ya Uingereza inauma magoti, tunafunga mlango na kuondoka. Hatukuhamia rasmi, na hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu waliojiandikisha kuwa wakazi wa Uhispania kabla ya mwisho wa mwaka 2020 walilindwa na Mkataba wa Kujitoa, ilhali sisi wa kwenda na kurudi tulibaki kuwa wageni.

Mgeni anaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180 katika eneo lote la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Sentensi hiyo ni fupi, nami niliielewa vibaya kwa ujasiri mkubwa. Nilidhani mwaka umegawanywa vipande viwili, kwamba ikifika Januari daftari linafunguliwa upya na unapewa siku 90 nyingine. Tulikuwa tumekaa kuanzia tarehe 10 Oktoba hadi tarehe 20 Desemba 2022, yaani siku 72. Tukarudi tarehe 1 Februari 2023 tukikusudia kukaa hadi mwisho wa Machi, miche ya nyanya ikiwa tayari imeagizwa.

Askari wa mpakani alizifungua kurasa za pasipoti yangu, akahesabu mihuri kwa ncha ya kalamu, akaniambia kwamba nina siku 18. Nilimwambia amekosea. Hakubishana nami; alichukua kipande cha karatasi akanichorea mstari. Kwa kila siku unayokuwapo, alisema, tunatazama nyuma siku 180 na kuhesabu ni ngapi umelala kwetu. Hakuna Januari wala Julai. Dirisha linatembea pamoja nawe, na siku za zamani hudondoka nyuma moja baada ya nyingine. Siku zangu za Oktoba zingeanza kudondoka tarehe 8 Aprili tu. Kwa hiyo tuliondoka tarehe 18 Februari, nyanya akazipanda jirani, na akazila jirani.

Tangu siku hiyo mke wangu ana daftari la jalada jekundu lenye safu tatu: kuingia, kutoka, na zilizobaki. Tumeoana miaka arobaini na mmoja, na sijawahi kuona kitu chochote kikimpa mamlaka juu yangu kama daftari hilo.

Kijana wa Croydon

Mzee wangu wa Alicante, shikamoo. Naomba kuuliza: siku ya kufika na siku ya kuondoka huhesabiwa kuwa mbili kamili, au kuna nafuu kwa anayetua usiku?

Mzee wa Alicante

Marahaba, mwanangu. Zote mbili ni kamili. Ukitua saa tano na dakika hamsini za usiku, zile dakika kumi zinazobaki ni siku nzima. Na usidhani kwamba ukitoka Uhispania kwenda Italia unaanza upya, maana eneo la Schengen ni moja. Ireland haimo, na kwa raia wa Uingereza huko ni suala jingine kabisa, kwa sababu nchi hizo mbili zina makubaliano yao ya kale ya kusafiri kwa uhuru ambayo hayakuguswa.

Mama Wawili

Yangu hayafanani na ya waliotangulia, kwa sababu mimi bado nina pasipoti ya Kenya na mume wangu ni Mwingereza kwa kuzaliwa. Watu wengi hawajui kwamba Brexit ilitupiga zaidi sisi wenzi wa Waingereza kuliko Waingereza wenyewe.

Mwaka 2018 tulikwenda Paris. Nilihitaji viza ya Schengen, ndiyo, lakini kwa kuwa nilikuwa nikisafiri pamoja na mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa raia wa Umoja wa Ulaya, sheria ya Umoja iliamuru viza yangu itolewe bure na kwa haraka. Nilipeleka cheti cha ndoa na pasipoti yake, pamoja na ushahidi kwamba tunasafiri wote. Hakuna aliyeniuliza nina kiasi gani benki. Mpakani tulipita katika mstari wa raia wa Umoja, mimi nikiwa nimeshika mkono wake kama tiketi.

Mwaka 2022 tulitaka kwenda tena, sasa tukiwa na watoto wawili. Sheria ile haimhusu tena mume wangu, kwa hiyo hainihusu mimi. Nilitakiwa kulipa euro 80, ada ambayo tangu Juni 2024 imepanda kuwa euro 90, na juu yake malipo ya wakala anayepokea maombi. Nilitakiwa pia kuonyesha taarifa za benki, barua ya kazi, hoteli iliyolipiwa na bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000. Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni miadi. Kwa wiki sita niliamka alfajiri kufungua ukurasa wa kuomba miadi, nikaikuta kalenda yote ni ya kijivu. Siku moja ilitokea nafasi ya kijani. Nikaita watu wa nyumbani waje kuiona, na tulipokuwa tukiitazama ikachukuliwa.

Safari ya Pasaka ikawa safari ya Agosti. Tulipofika, mume wangu aliangalia mstari wa raia wa Umoja kwa mazoea, akaanza kuuelekea, nikamvuta koti. Tukasimama wote wanne katika mstari wa pasipoti nyingine zote, yeye, mimi na watoto, kwa saa moja na robo. Niseme kweli ya moyoni: nilifurahi kidogo. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu tuliulizwa maswali sawa.

Mholanzi wa Leeds

Mama Wawili, umenichekesha na kuniliza. Mimi ni upande wa pili wa shilingi: nilikulia Rotterdam, nina uraia wa Uholanzi, na naishi Leeds tangu mwaka 2014. Sisi raia wa Umoja tuliokuwa Uingereza tulitakiwa kuomba hadhi ya ukazi kufikia tarehe 30 Juni 2021. Waliotimiza miaka mitano walipewa ukazi wa kudumu na ambao hawajatimiza walipewa wa awali. Maombi yalikuwa bure, na kwangu yalikwisha kwa siku chache. Tatizo halikuwa kuipata hadhi, bali kuionyesha, kwa maana haina karatasi wala kadi. Imo ndani ya kompyuta ya serikali, na kila anayetaka kuiona lazima nimtengenezee namba ya siri ya muda, aingize pamoja na tarehe yangu ya kuzaliwa, ndipo ukurasa umfungukie.

Mwaka 2023 nilikuwa natafuta nyumba ya kupanga. Niliipata nzuri, karibu na kazini, na wakala akataka uthibitisho kabla ya saa kumi jioni kwa sababu kulikuwa na wengine wawili nyuma yangu. Nikatengeneza namba nikamtumia. Akanipigia: imekataa. Nikatengeneza nyingine, nayo imekataa. Kumbe namba zenyewe zina makabila yake. Inayoanza na herufi W ni ya mwajiri, inayoanza na R ni ya mwenye nyumba, na S ni ya shughuli nyinginezo. Kwa haraka, mara zote mbili nilikuwa nimechagua ya kazi, nami ningali mtu yuleyule mwenye haki ileile. Nilipoligundua kosa ilikuwa saa kumi na moja kasoro, na nyumba ilikuwa imeshapata mtu.

La pili ni la pasipoti. Hadhi yangu imefungwa kwenye namba ya pasipoti niliyoombea. Mwaka 2024 nilipata pasipoti mpya na sikuingia kwenye akaunti kuibadilisha, kwa sababu hakuna aliyenikumbusha na mimi mwenyewe niliona pasipoti ni pasipoti. Nikirudi kutoka kwa mama, mfanyakazi wa uwanja wa ndege aliiangalia skrini yake akaniuliza kama nina ruhusa ya kuingia Uingereza. Miaka kumi ya kodi, kazi na marafiki, na yeye skrini yake ilikuwa tupu. Nilisimama pembeni ya kaunta nikitafuta barua pepe ya zamani kwenye simu yenye chaji asilimia sita, nikaipata ndege ikiwa inaitwa kwa mara ya mwisho. Yeyote mwenye hadhi hii na pasipoti mpya, aende kwenye akaunti yake leo.

Na mama mwenyewe? Mama alikuwa akija kwangu kila Desemba kwa kitambulisho chake cha taifa, kadi ndogo inayoingia kwenye pochi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021 wageni wa kutoka Umoja wa Ulaya hawaruhusiwi kuingia Uingereza kwa kitambulisho hicho, lazima pasipoti. Wenye hadhi ya ukazi kama mimi tuliruhusiwa kuendelea kukitumia, kwa hiyo sikuwahi kulifikiria jambo hilo kwa upande wake. Alirudishwa akiwa Amsterdam, na masanduku mawili ya zawadi. Baadaye alipata pasipoti, tukapumua. Kisha tarehe 2 Aprili 2025 ukaanza utaratibu wa kibali cha kielektroniki kwa wageni kutoka Ulaya, wa pauni 10, ambao wiki moja tu baadaye ulipanda kuwa pauni 16. Kibali hudumu miaka miwili, si mzigo mkubwa, lakini mama ana umri wa miaka 78 na simu yake inahitaji kumpiga picha ya uso akiwa hajafumba macho. Tulimpiga picha hiyo kwa njia ya video, mimi nikielekeza kutoka Leeds, kwa dakika arobaini.

Mwenye Viza Daima

Nimewasoma wote kwa heshima, na sitaki nionekane mwenye kijicho. Mimi naishi Reading kwa viza ya kazi na nina pasipoti ya Tanzania. Kwangu mimi Brexit haikubadilisha chochote katika safari za Ulaya: kabla yake niliomba viza, baada yake naomba viza. Mara ya mwisho nilipewa ya siku tisa, kwa safari ya siku tisa. Mzee wa Alicante anahesabu siku 90 na mimi nasema hongera, mzee wangu. Hata ule mstari wa pasipoti nyingine zote mnaouelezea kwa uchungu, sisi tulikuwamo siku zote. Ninyi mmekuja kuurefusha.

Nasema hivyo kwa utani, lakini ndani yake kuna ushauri. Mtu anayesafiri kwa pasipoti kama yangu hujifunza mapema kwamba haki isiyo na karatasi mkononi haikusaidii mbele ya dirisha. Hubeba nakala mbili, hufika mapema kwa saa moja zaidi, na hasemi “nadhani”. Majirani zenu Waingereza hawakuwahi kulelewa hivyo.

Mwanzisha Mada

Mwenye Viza Daima, hujaonekana na kijicho hata kidogo. Umesema lile nililolizungukia mwanzoni. Jirani yangu, Mwingereza wa miaka sitini na kitu, alibisha hodi mwezi uliopita akiwa na pasipoti, kikokotoo na kikombe cha chai ili nimsaidie kuhesabu siku zake. Mtu huyo mwaka 1998 aliniuliza kwa mshangao wa kweli kwa nini natembea na faili.

Bibi Mfumaji

Wanangu, langu ni dogo. Nina mjukuu Ghent, Ubelgiji. Kila mwaka humfumia sweta na kulituma kwa posta, na zamani lilikwenda kama linavyokwenda Manchester. Sasa kuna fomu ya forodha ya kubandika juu ya kifurushi, inayouliza kilichomo, uzito wake na thamani yake. Nikaweka alama kwamba ni zawadi, na kwenye thamani nikaandika pauni 60, kwa sababu sufi ilikuwa nzuri na nililifanyia kazi jioni ishirini.

Zawadi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu haitozwi kitu ikiwa thamani yake haizidi euro 45. Yangu ilizidi. Binti yangu alidaiwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Ubelgiji ni asilimia 21, pamoja na ada ya msafirishaji ya kushughulikia hiyo kodi, na sweta likakaa ghalani hadi alipolipa. Alinipigia akaniambia, “Mama, kwa nini umejisifu kwenye fomu?” Nilimwambia sikujisifu, niliulizwa thamani nikajibu.

Sitawafundisha kuandika uongo. Mwaka huu nilifuma soksi.

Kijana wa Croydon

Shikamoo, bibi. Kwa upande wa vyakula, mniruhusu niongeze kwa kifupi. Nyama na maziwa, pamoja na vyote vitokanavyo navyo, haviruhusiwi kuingia katika Umoja wa Ulaya kwenye begi la msafiri kutoka Uingereza, na hii inahusu hata mkate uliotiwa nyama kwa ajili ya njiani. Januari 2021 televisheni ya Uholanzi iliwaonyesha maofisa wa bandari wakiwanyang'anya madereva mikate yao, na dunia ikacheka. Mimi nilicheka hadi siku niliponyang'anywa wangu. Kwa miaka kadhaa kurudi na jibini kutoka Ufaransa hakukuwa na shida, lakini tarehe 12 Aprili 2025 Uingereza nayo ilizuia wasafiri kuingia na nyama na bidhaa za maziwa kutoka huko, kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Sasa njaa ni ya pande zote mbili. Maziwa ya unga ya watoto wachanga yana msamaha wake.

Na simu: Umoja ulifuta gharama za ziada za kutumia simu ugenini mwaka 2017. Kampuni za Uingereza hazibanwi tena na kanuni hiyo, na kadhaa zimezirudisha. Ulizia kabla ya kuondoka.

Mwenye Mbwa

Nimesubiri kuona kama kuna mtu atakayewataja wanyama, kwa maana hapa ndipo nilipozeeka. Tuna mbwa mmoja, mpole, mwenye umri wa miaka tisa. Kabla ya mwaka 2021 alikuwa na pasipoti yake ya Umoja wa Ulaya, kijitabu cha buluu ambacho chanjo zake zote ziliandikwa humo, na alivuka nayo maisha yake yote. Vijitabu vilivyotolewa Uingereza vilikufa usiku mmoja. Badala yake, kila safari inahitaji cheti kipya cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo aliyeidhinishwa, kinachotolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuingia Ulaya. Kikishatumika kuingia, kinakufaa kuzunguka huko na kurudi kwa miezi kadhaa, lakini ukirudi nyumbani kimekwisha. Safari ijayo ni kingine. Sisi tulilipa zaidi ya pauni 150. Binadamu wanne wa familia yetu kwa pamoja hawakulipa kiasi hicho kwa kuonyesha pasipoti zao.

Cheti chenyewe ni kurasa nyingi, zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi unayoingilia, na daktari wetu alizijaza akihema. Kwenda kulikuwa salama. Kurudi ndiko kulikotushika.

Mbwa anayeingia Uingereza lazima apewe dawa ya tegu na daktari, si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya kufika. Tulimpeleka kwa daktari katika mji mdogo wa Ufaransa siku mbili kabla ya safari, mbwa akameza dawa, daktari akaandika tarehe, akatia saini na muhuri, tukamshukuru. Calais, kwenye ofisi ya wanyama, binti aliyekuwa akikagua alipitisha kidole chini ya mstari akasimama. Saa haikuandikwa. Tarehe ilikuwapo, ila saa haikuwapo, na sheria inataka vyote viwili, kwa sababu bila saa huwezi kujua kama 24 zimetimia. Nilimwonyesha kwamba hata kama dawa ingetolewa dakika ya mwisho ya tarehe ile, bado saa 24 zingekuwa zimepita. Akanijibu kwamba hesabu yangu ni sahihi na kwamba haiwezi kuandikwa kwenye kisanduku.

Tulimpigia yule daktari; siku hiyo alikuwa amefunga. Tukatafuta mwingine pale Calais, mbwa akapewa dawa mara ya pili, saa ikaandikwa kwa tarakimu kubwa kama za saa ya kituo cha treni, na hesabu ya saa 24 ikaanza upya. Familia ilipoteza feri, ikalipa hoteli inayokubali mbwa, na mimi nikapoteza siku ya kazi. Mwezi Mei 2025 pande mbili zilikubaliana kufanyia kazi utaratibu wa kurudisha pasipoti za wanyama, nami kijitabu cha zamani nimekiweka kwenye droo.

Dereva wa Málaga

Kwa ufupi, kwa kuwa limekwisha: sisi wakazi wa Uhispania wenye leseni za Uingereza ambao hatukuwahi kuzibadilisha tulizuiwa kuendesha kuanzia tarehe 1 Mei 2022, hadi makubaliano yalipoanza kutumika tarehe 16 Machi 2023. Miezi kumi na nusu. Naishi kijiji ambacho basi hupita mara mbili kwa siku. Nimeendesha magari ya mizigo miaka thelathini, na katika miezi ile nilikuwa nikibebwa kwenda hospitali na mtoto wa jirani aliyepata leseni wiki tatu kabla, akiuliza kila njiapanda kama ageuke.

Mama Wawili

Nina swali kwa wote: mume wangu ananiambia kwamba kadi mpya ya afya ya Uingereza inatosha, kwamba bima ya safari ni kupoteza pesa. Je, ni kweli?

Mwanzisha Mada

Hapana, shemeji yetu hayuko sahihi hapo. Kadi hiyo humwezesha mwenye nayo kupata matibabu ya lazima katika hospitali za umma kwa masharti wanayopewa wenyeji, na ni bure kuiomba. Lakini haigharimii kumrudisha mgonjwa nyumbani, wala hospitali binafsi. Na kwako wewe mwenye viza, bima ni sharti, kwa hiyo hana la kukuamulia.

Nami nitoe taarifa yangu ya mwisho: niliihuisha pasipoti, na vuli ile tukaenda Lisbon wote watatu. Niligongewa muhuri wangu wa kwanza tangu mwaka 2003. Binti yangu aliupiga picha wa kwake.

Mzee wa Alicante

Mihuri nayo inaondoka, mwanzisha mada. Tarehe 12 Oktoba 2025 Umoja ulianza kwa awamu mfumo wa kusajili kuingia na kutoka kwa kompyuta, pamoja na picha ya uso na alama za vidole, isipokuwa watoto wa chini ya miaka 12 ambao hawachukuliwi vidole. Tulisajiliwa Novemba. Mke wangu alipita kwa dakika mbili. Mimi nimeshika saruji na matofali tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na mashine haikuona kitu kwenye vidole vyangu. Niliambiwa nifute, nikafuta, nibonyeze zaidi, nikabonyeza, nipumulie, nikapumulia. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Mwishowe askari alikuja, akavishika vidole vyangu kimoja kimoja na kuvilaza kwenye kioo kama anayemfundisha mtoto kuandika, na mashine ikakubali.

Nilimwambia mke wangu kwamba sasa kompyuta itatuhesabia, aliweke lile daftari jekundu. Alikuwa ameshalifungua, anaandika tarehe.